Asubuhi Tuliyomtafuta Wambui

Mpendwa Njeri,

Huku Kabiria tu wazima. Mama yako amepona kikohozi, na ng'ombe amezaa.

Unauliza kama naamini programu yako ya kompyuta, ile inayotuma vitafutaji vingi visivyo na kiongozi, vikiambizana tu vilichokiona, inaweza kufikia jibu bora.

Nikiwa msichana, dada yangu mdogo Wambui alipotea hapa asubuhi ya ukungu mzito. Majirani walitawanyika mashambani bila kuamrishwa na mtu. Hatukuonana. Tulikuwa sauti tu zikielea kwenye weupe.

Kisha jirani mmoja akaita kutoka bondeni, "Kiatu yake iko hapa!"

Sauti zote zikaanza kuteremka polepole upande ule. Nami nikateremka, ila nikapinda kidogo kwenye nyasi za ng'ombe, kwa kuwa Wambui alipenda kujificha humo. Nikamkuta amelala, nywele zimejaa umande.

"Shosho, yuko hapa!" nikamwita nyanya yangu.

Watu wakatokeza mmoja mmoja kutoka ukunguni, wakitabasamu. Shosho akamkumbatia Wambui, akauliza, "Ni nani amempata?"

Nilifungua mdomo, nikawatazama wote, nikasema, "Ni sisi."

Akupendaye,
Shosho wako