Boljointi ya Kushoto

Timaru, 2 Julai

Mereana,

Hujambo? Mimi sijambo, ni goti tu na baridi hii. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Glenn yuko kwangu. Nyonga ina vyuma vinne, hata chooni namshika mkono. Ameniambia yote: kazi ya chini ya gari ni yako, wewe fundi wa matrekta. Lakini gari la mbio si trekta, binti. Shokapu na boljointi mlizofunga si zile za kiwandani. Hazina mpira wa kuzifunika. Vumbi likiingia, zinasagika, na boljointi ikiachia, gurudumu linachomoka. Zinataka kusafishwa na kukaguliwa kila zikitoka uwanjani. Nilimfanyia hivyo marehemu baba yake miaka kumi na tisa, na gurudumu halikuwahi kumchomoka. Wewe una miaka mitatu tu, na mume wako kaparamia ukuta wa matairi.

Ulikuwa unafanya nini?

Mama mkwe wako,
Noeline

Ashburton, 9 Julai

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Mgonjwa anaendeleaje? Nauliza kwa sababu mwenyewe hanijibu.

Umeuliza, nakujibu. Jumatano kabla ya mbio niliinua gari, nikashika gurudumu la mbele kushoto, nikalitikisa. Likagonga. Boljointi imekwisha. Nikamwonyesha Glenn, nikavua gurudumu, nikaagiza boljointi mpya. Kisha nikaitwa Methven, trekta limekufa shambani. Niliporudi Jumamosi, gari halipo.

Muulize nani alirudisha gurudumu. Boljointi yenyewe nimeifungua kwenye gari lililovunjika, iko kwenye kifurushi hiki. Wewe chuma unakijua, kiangalie. Na ukimaliza, uache kunisema kwa dada zako. Timaru ni mji mdogo.

Mkweo,
Mereana

Timaru, 13 Julai

Mereana,

Salamu sina. Mgonjwa analala.

Chuma chakavu hata jalalani kipo. Umeokota kimoja, ukakifunga kwa karatasi ili umpake uchafu wako mwanangu asiyeweza hata kusimama? Huna haya. Siku ya harusi nilimwambia Glenn: huyu akikosea hataomba radhi. Usiniandikie tena.

Noeline

Timaru, 22 Septemba

Mereana,

Habari za huko? Natumaini mu wazima wewe na mama yako. Mimi nipo.

Glenn sasa anatembea na fimbo. Jana nilikuwa napanga kabati, nikaiweka ile boljointi mezani. Sikuwa nimemwambia imetoka wapi. Akaichukua, akaizungusha kidoleni, akasema, "Nilipoitikisa haikuwa mbaya hivi."

Nikamuuliza, "Uliitikisa lini?"

Akairudisha mezani.

"Glenn, uliitikisa lini?"

"Kabla ya kufunga gurudumu. Mama, nilishalipia nafasi ya mbio, wenzangu wote walikuwa wanaenda."

Wiki kumi na mbili namwogesha, namkatia nyama, nakutukana kwa kila anayepita mlangoni. Naye anasikia, anakula.

Nilimwambia aje akueleze mwenyewe. Alhamisi atapanda basi la asubuhi. Lakini usidanganyike, analifuata gari. Tayari anazungumzia mbio za Novemba. Ficha ufunguo.

Sikupendi, na wewe hunipendi, hilo tusifichane. Ila kwenye jambo hili nilikukosea.

Noeline

Ashburton, 26 Septemba

Mama,

Shikamoo. Mwanao amefika salama, amekula.

Neno la kwanza lilikuwa, "Gari liko wapi?" Nikamfungulia gereji. Liko juu ya stendi, halina magurudumu, mikono yote ya kushikia magurudumu ya mbele nimeifungua. Nikampa brashi na mafuta. "Anza na shokapu," nikamwambia, "nyuzi zake zote za nati, mpaka nati izunguke kwa vidole." Kuinama hawezi. Amekaa juu ya kreti, anasugua.

Baada ya saa nzima akasema, "Gurudumu nililirudisha mimi." Aliiambia shokapu. Nikamwambia aseme tena, aniangalie mimi, la sivyo arudi kwako leo.

Na wewe, barua yako nimeipata. Ya Julai pia ninayo. Waliosikia matusi yako ndio wasikie na hilo la kukosea. Mimi kulisikia peke yangu hakutoshi.

Nakuandikia hapa hapa, juu ya boneti. Basi la kurudi kwako linaondoka saa kumi, sasa ni saa tisa na nusu. Bado anasugua. Hajainua uso.

Mkweo, kwa sasa,
Mereana