Dakika ya Saba, Bado Naona Mkono

Jumatatu, 3 Machi

Meza yangu ya chakula imekuwa ofisi. Nyaya zimetapakaa kama matumbo ya kuku. Nikitaka kuweka sahani napigiwa kelele: "Bibi, angalia, hapo kuna diski!" Nyumba yangu, meza yangu — diski yake!

Mjukuu wangu aliacha kazi ya mshahara mwaka jana ili ajitegemee. Anahariri video. Eti sasa hana bosi. Hana bosi? Ana mabosi kumi! Kila mwenye simu ni bosi wake. Huyu anataka muziki upunguzwe, yule anataka aonekane mwembamba. Faili moja lina majina mengi kama ya ukoo mzima: Mwisho. Mwisho Kabisa. Mwisho Safari Hii Kweli.

Sasa amepata kazi kubwa, video ya mazishi ya mzee mmoja tajiri. Mteja ni binti mkubwa wa marehemu, mwenye kampuni ya matangazo. Akiridhika atampa kazi za mwaka mzima. Mjukuu hata chakula anakiacha kipoe kwa wasiwasi. Nikamwambia: mimi nimeshona nguo za watu miaka thelathini na minane. Mteja akitaka kola fupi, mpe kola fupi. Usibishane na mwenye kitambaa. Akacheka mpaka akashika tumbo, akayaandika maneno yangu kwenye karatasi ya njano, akaibandika ukutani.

Nilivimba kichwa, sisemi uongo.

Jumatano, 5 Machi

Leo nina hasira, hata kalamu inatoboa karatasi.

Nilipita nyuma yake na chai. Kwenye kompyuta, makaburini. Mama mmoja, kitambaa cha kijivu kichwani, amepiga magoti, anatupa udongo kaburini. Mjukuu anaikuza picha. Anaikuza tena. Mama wa watu anasukumwa pembeni, pembeni, mpaka katoka. Kama hakuwepo! Kilio chake kikafunikwa na kinanda.

Nikauliza, nani huyo? Akasema ni mke mdogo wa marehemu, binti mkubwa hataki kumwona kwenye video.

"Mke wa ndoa?"

"Wa ndoa, bibi. Miaka kumi na tisa. Ndiye aliyemuuguza."

Hajamaliza, ujumbe wa sauti ukaingia. Binti mkubwa, sauti laini kama mafuta ya nywele: mdogo wangu, umefanya kazi nzuri, ila dakika ya saba bado naona mkono. Uondoe. Na Jumamosi saa sita mchana ukishanikabidhi, futa picha zote za mwanzo, nisije kuzikuta kwa mtu.

Mkono! Hata mkono unamkera!

Nikasema, huku si kuhariri, huku ni kumzika mtu akiwa hai. Mjukuu hakugeuka. Akanyoosha kidole tu ukutani, kwenye karatasi ya njano.

Nilitamani mwiko. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Alhamisi, 6 Machi

Mkono umeondoka. Hatusemezani.

Jioni nikashindwa, nikamuuliza: huko kufuta, kunachukua muda gani? Akasema kubonyeza mara moja tu. Mara moja! Mimi kufumua mshono mmoja nahema. Hawa wanafumua miaka kumi na tisa kwa kidole.

Mimi nimezika mume. Najua nilisimama wapi siku ile, nani alinishika bega. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeichukua diski.

Alikuwa anaoga. Nikachomoa waya, nikaja nayo chumbani, nikaitia kwenye droo ya cherehani chini ya zipu. Bila diski hakuna kufuta. Nikajiona mjanja — mzee, lakini mjanja!

Mjanja gani. Kisanduku chenyewe hakizidi kipande cha sabuni, nilidhani kimebeba mazishi tu. Kumbe kazi zake zote zimo! Alipotoka kuoga akaikosa, akaanza kuzitaja moja moja. Tangazo la duka la magodoro. Mahafali. Daktari wa meno, ambaye kazi yake inatakiwa Jumatatu. Hata zile sampuli anazowaonyesha wateja wapya ili wamwamini. Mwaka mzima wa jasho, na mimi nimeulalisha na zipu.

Nikauliza, huna nakala? Hana. Alikuwa anapanga kununua diski ya pili. Fundi gani anayeishi kwa mkasi mmoja!

Amepekua makochi. Amemwaga pipa la taka uani, akachambua maganda kwa mikono. Sasa amekaa sakafuni analia bila sauti, na mimi nikasimama juu yake nikasema, "Vitu vyako huvitunzi." Nimesema hivyo. Mimi. Ulimi huu ungefaa kuchomwa pasi.

Nikimpa leo, kesho atamfuta yule mama. Nisipompa, nimemfuta yeye.

Na kusema "nimeichukua mimi" — mdomo unakataa.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tano asubuhi. Naandika haraka, niko chumbani, wao wako sebuleni.

Mke mdogo amekuja! Mwenyewe, kitambaa kilekile cha kijivu. Mpiga picha wa mazishi ndiye aliyemwelekeza kwetu. Alikataa chai. Alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuomba kazi.

Akamwambia mjukuu: "Mwanangu, sikuja kwa ugomvi. Filamu yao siitaki. Nataka pale nilipotupa udongo, basi. Ukoo umeanza kusema sikwenda hata mazishini."

Mjukuu akatazama miguu yake. "Mama, hata ningetaka… diski imepotea."

"Imepotea, au imepotezwa?"

Mjukuu akaapa kwa kaburi la mama yake, yaani binti yangu mimi, kwamba hajui ilipo. Akajifuta macho kwa kiganja. Yule mama akamtazama, kisha — badala ya kufoka — akatoa leso yake akampa. Yeye! Akampa yule aliyemfuta!

Hapo ndipo nikanyanyuka, nikasema naenda kutafuta glasi. Glasi chumbani, mwongo mkubwa mimi.

Diski iko mapajani. Zipu moja imeng'ang'ania waya wake, sijui nianzie wapi kuifungua. Nikitoka nayo, wote wawili wataniona mwizi. Na nikishaiweka mezani, kidole cha kubonyeza si changu. Ni cha mjukuu. Sina la kumwamrisha, nilikwisha kumwamrisha vya kutosha.

Simu yake inaita. Bila shaka binti mkubwa, saa sita haiko mbali. Imekatika. Inaita tena.

Namsikia mjukuu: "Usiondoke, mama. Ngoja nimuulize bibi."

Niulizwe nini? Anajua! Tangu jana, au amenigundua sasa hivi kwa uongo wa glasi?

Hatua zake hizo kwenye ushoroba. Amefika. Hagongi. Amesimama nyuma ya mlango wangu, simu inalia mkononi mwake, inalia, na haipokei.