Kingamwili Ninazo, Dawa za Nini?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila usinitaje. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, nina mke na watoto wawili, na mwaka wa sita huu naishi na virusi vya Ukimwi, mke wangu yeye hana, hali yangu anaijua tangu mwanzo na ndiye hunikumbusha dawa. Sasa miezi minne iliyopita nilikuwa natafuta vipimo vya mteja kwenye droo, nikakuta cheti changu cha zamani cha kliniki, kimeandikwa kingamwili dhidi ya virusi zimeonekana, nikafikiri, mwanangu alipochanjwa surua nesi alisema mwili wake utatengeneza kingamwili na surua haitamsumbua, basi na mimi si ninazo, tena za miaka sita, nikaacha dawa, ila mke wangu sikumwambia, akiuliza, "Baba watoto, umemeza?" najibu, "Nimemeza," na kidonge nakitupa kwenye mfuko wa vitambaa vibovu. Mwezi huu suruali zangu nimezipunguza kiuno mara mbili, shingo imevimba tezi, mke wangu anasema ni kazi nyingi, ananiongezea chakula. Kondomu hatutumii, maana daktari alishasema virusi vyangu havionekani tena kwenye kipimo. Swali langu: kingamwili zangu zina kasoro gani?

Fundi wa Sare

Fundi, kingamwili zako hazina kasoro. Mwenye kasoro ni wewe.

Cheti kile kilisema mwili wako umekutana na virusi. Hakikusema umevishinda. Surua haibadiliki sura, kingamwili zikishaijua zimeijua. Virusi vyako hujinakili ovyo, kila nakala na kosa lake, na umbo hubadilika. Ni sawa na kushona sare kwa kipimo cha Januari, mtoto anakuja kuichukua Juni amerefuka. Tena vimejifunika sukari inayofanana na ya mwili wako mwenyewe, kingamwili hazipati pa kushika. Vingine hujificha ndani ya seli, kimya, vikingoja uache dawa. Ukaacha.

Najua umechoka. Kidonge kila siku, miaka sita, ulitamani mtu aseme yatosha. Hilo nalielewa. Nisilolielewa ni hiyo "Nimemeza."

Leo hii nenda kliniki, useme umeacha tangu lini, usianze tena kwa kujipangia. Nenda na mkeo apimwe, maana dawa ndizo zilizofanya virusi visionekane kwenye kipimo, na bila dawa unaweza kumwambukiza. Kama mmelala pamoja ndani ya siku tatu hizi, aseme mlangoni, kuna dawa ya kuzuia na haingoji wiki ijayo. Kondomu mtumie mpaka daktari aseme vinginevyo.

Mimi umeniandikia ukurasa mzima. Yeye hujampa hata sentensi moja. Zima cherehani, mwite, anza na "Nilikudanganya." Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.