Hatukufikiria Mrija

Sema, Majani, kaka yangu mpendwa,

Hilo jina bado wanalitaja hapa Manga. Nani angekushinda kuchuma chai? Ulikuwa unapiga stori na mama, umeangalia pembeni kabisa, na vidole vinakata majani mawili na chipukizi bila hata kukuuliza.

Hiyo mikono yako ndiyo ilinipa akili. Mwaka ule wa mvua ya Elnino, yule Muhindi wa duka kule Kisii alinifungia sukari kwa gazeti kuukuu la ng'ambo. Nikalisoma na kamusi hadi macho yakauma. Ati pombe inafundisha ubongo, na ubongo unaweza kufundishwa upya! Ati kuna madaktari wanajaribu hata kupitisha stima kidogo kichwani! Nilikuja mbio kukuambia, maana pombe ilikuwa imekushika.

"Stima haijafika Manga, itafika kwa kichwa yangu?" Ukacheka. "Lakini hiyo ya kufundisha, daktari, tujaribu. Nimechoka."

Basi kila asubuhi nakuwekea makopo mawili. La harufu ya chang'aa, ile pombe kali, unasukuma, la uji unavuta. Sukuma, vuta, sukuma, vuta, hadi mama akauliza kama tumerogwa wote wawili. Lakini ilishika! Kule Masimba rafiki yako alikunyooshea glasi, ukaisukuma kabla hujafikiria. Ulirudi nyumbani ukiruka. "Daktari, mkono umekataa wenyewe!"

Halafu ikafika siku ya mahari ya dada. Hapo hakuna kopo, hakuna glasi. Ni chungu cha pombe ya busaa katikati, wazee wamekizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu. Baba mkwe wa dada akakusogezea wake mpaka mdomoni. Na kukataa mrija wa mkwe ni kama kumwambia ameweka sumu. Mikono yako ilikuwa magotini, imetulia. Mdomo ndio ulienda.

"Daktari," uliniambia kesho yake, macho mekundu, "hukunifundisha mrija." Ulitaka nicheke. Kutoka hapo kila nikitoa makopo unasema kesho. Ukasema kesho huku unakunywa, mpaka tumbo likavimba, tukakuzika kando ya migomba.

Mama akichuma chai siku hizi haongei na mtu. Mimi nikiona mtu ana mgongo kama wako sokoni, nakimbia mbele nimwone uso, halafu naomba msamaha.

Na baba, tangu tukuzike, anakunywa vile ulikuwa unakunywa. Leo amekuja mwenyewe, amesimama mlangoni kama mgeni. "Nifundishe kama ulivyomfundisha kakako." Nimemwambia angoje kidogo. Yuko hapo nje, namsikia akitembeatembea.

Nikimfundisha, pengine namtia moyo bure halafu namzika pia. Nikimkatalia, namzika tu. Wewe ndiye pekee uliyekaa mbele ya yale makopo, kaka. Pumzika, lakini niambie kwanza: ungekuwa mimi, ungemwita aingie?

Mdogo wako,
yule uliyemwita daktari