Ibada ya Marehemu Aliye Hai

Jumanne, 7 Februari 2023

Theluji tangu alfajiri. Madirisha ya nyumba hii ya wazee, ghorofa ya tatu, hufunguka upana wa ngumi tu, ili sisi vikongwe tusiruke. Niruke na mpira huu wa oksijeni puani? Nitaning'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Daktari anasema maua ya machipuko nitayaona "ikiwezekana". Basi niandike. Daftari hili haliendi kwa mtu yeyote.

Chihaya alikuja saa nne. Ni mchoraji wa katuni, miaka ishirini na tisa, anaandika dibaji ya toleo jipya la kitabu changu. Tangu ugonjwa ule wa dunia nzima, wageni hawapandi vyumbani. Tunakaa chini, ubao wa plastiki angavu katikati, kila mmoja na simu yake sikioni. Dakika kumi na tano. Jela hasa.

Alikuwa na furaha — hekalu la Nerima limekubali! Jumapili tarehe 26, wasomaji mia mbili. Ibada ya mwaka wa hamsini ya Shiori, yule msichana anayekufa kwenye katuni yangu, na ya rafiki yangu wa kweli ambaye ndiye alikuwa Shiori. Mwaka wa kifo nao huhesabiwa, kwa hiyo hamsini inaangukia sasa. Baada ya hapo marehemu haombewi tena kwa jina lake. Anachanganyika na wahenga wote.

"Mwalimu, utatoa salamu kwa video. Dakika mbili tu."

Nikasema vizuri. Nikasema asante.

Huyo rafiki, Kinuyo, yuko hai.

Haya, nimeiandika. Yuko Akita, ana miaka themanini na mmoja kama mimi, na Januari kanitumia kadi ya mwaka mpya yenye sungura.

Alhamisi, 9 Februari

Usingizi wa mchana umegoma. Nilimalize.

Tulipendana shuleni, darasa la wasichana watupu. Hakukuwa na maua yakipeperuka nyuma yetu kama kwenye katuni. Kulikuwa na chilblaini — vidole vimevimba kwa baridi, anavipuliza vyangu, mimi vyake. Mwaka 1965 tukapanga chumba Nerima, ukubwa wa mikeka sita ya sakafuni. Mimi nachora, yeye anajaza weusi: nywele, sare, vivuli. Hakuna aliyejaza weusi kama Kinuyo. Wino wake haukuwahi kuvuka mstari.

1974 nikachora hadithi yetu. Mwisho nilioupeleka kwanza: wasichana wawili wamekua, wana chumba, wanagombana nani kasahau kuzima jiko la mafuta ya taa. Kisanduku cha mwisho, mmoja anacheka kinyume na mapenzi yake. Basi.

Mhariri wangu, bwana Tozawa, alicheka mpaka akavua miwani. Nani ataamini, bibie? Wanawake wawili na sufuria ya wali! Muue mmoja. Hapo wataamini.

Nikamuua Shiori thelujini. Nywele za maiti zilikuwa za Kinuyo, na Kinuyo ndiye aliyezijaza weusi. Akainua ukurasa kwenye taa ukauke, akasema, "Nimependeza. Sijawahi kulala nimenyooka hivi."

Barua zikaja magunia. Mwandishi wa gazeti akauliza: ni kweli? Nikasema — mdomo huu huu — ni kweli, alikufa baridi hii.

Kwa nini? Kwa sababu mwandishi yule alikuwa anakaribia kulia, nami nilitaka alie. Sina sababu nyingine. Nimeitafuta miaka yote hii.

Baada ya hapo waandishi wakaanza kuja nyumbani. Mara ya kwanza Kinuyo alijificha kwenye kabati la magodoro. Mara ya pili alileta chai, nikasema ni mfanyakazi. Mpiga picha akamwambia, "Dada, sogea kidogo, unaziba dawati la mwalimu." Akasogea. Aliishi hivyo miaka miwili, chumba cha mikeka sita, marehemu. Dirishani hasimami. Sokoni tunapishana kama wageni.

1976, siku ya mgeni mwingine, hakuingia kabatini. Alivaa koti. "Shizu," akasema, "mtu akishakufa huwa anaruhusiwa kuondoka."

Sikumfuata. Mgeni alikuwa ameshabisha hodi.

Jumanne, 14 Februari

Siku ya wapendanao, ya chokoleti. Chihaya kaacha kiboksi mapokezi. Siruhusiwi kula, nimenusa.

Leo hakuwa na furaha. Katuni yake mwenyewe imekwama. Ni wanawake wawili, mapenzi ya kwanza, mmoja ana miaka thelathini na anafanya kazi kwa daktari wa meno. Wanazozana zamu ya kutoa takataka. Nilisoma sura tatu. Kuna mahali mmoja anamkata mwenzake kucha za miguu, kurasa mbili, hawasemi neno. Niliona wivu.

"Mhariri anasema haina uzito," akasema. "Anasema, mtazame mwalimu Okabayashi. Kwake kuna ukweli kwa sababu kuna mtu alikufa kweli. Anataka nimuue mmoja, sura ya kumi."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nani, mwalimu? Labda yuko sahihi. Labda nimechora maisha tu."

Maisha tu! Nikafungua mdomo. Kengele ikalia, dakika kumi na tano zimekwisha.

Kumbe sikumuua Kinuyo peke yake. Niliwafundisha wote kwamba wanawake wawili wakipendana, ukweli wao ni maiti.

Nimemwandikia Chihaya barua. Kurasa nne. Mutsumi, muuguzi wangu, kaichukua.

Ijumaa, 17 Februari

Kunihiro amekuja na barua yangu mkononi. Ni mtoto wa kaka yangu, ndiye anayetia sahihi kila kitu changu. Barua za wakazi hupitia kwa familia — sikujua. Nimeishi hapa miaka mitatu na sikuwahi kuandika barua yenye maana.

"Shangazi, hii siitumi."

"Ni yangu."

"Utaitwa mwongo wiki ya mwisho ya maisha yako. Nani atawajibu? Mimi. Kuna watu walikuwa wanataka kujiua wakasoma kitabu kile wakaacha. Wameniandikia. Niwaambie ilikuwa mchezo?"

Si mtu mbaya. Analia upesi kama baba yake. Akanipa karatasi: salamu zangu, keshaziandika yeye. "Rafiki yangu mpendwa, leo unapumzika…" Mistari kumi na miwili, herufi kubwa.

Karatasi nimeikunja ndani ya daftari hili; wale walioacha kujiua nawafikiria bado.

Jumanne, 21 Februari

Nimesema.

Kunihiro alisahau kufuta miadi. Nilianza kabla Chihaya hajakaa vizuri. Kabati, chai, koti. Dakika kumi na moja. Mutsumi amesimama nyuma ya kiti changu, nasikia anavyopumua.

Chihaya hakulia. Uso wake ulibadilika rangi nyuma ya ule ubao.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," akasema. "Nilikariri kurasa zile. Nilidhani nikimpenda mtu, ndiyo gharama."

"Najua."

"Hujui! Niliachana na mpenzi wangu Nobue kwa sababu tulikuwa na furaha na nikaona ni ya bandia!"

Watu wa meza ya pili wakageuka. Nikamwambia awaambie wasomaji yeye siku ya ibada. Akacheka vibaya. "Mimi? Useme mwenyewe, mwalimu. Una dakika mbili." Kisha akauliza anwani ya Akita. Nikamtajia. Ninaijua bila kuangalia.

Kaondoka dakika mbili kabla ya kengele.

Ijumaa, 24 Februari

Miguu imevimba. Sikushushwa chini. Chihaya kapiga simu ya ofisini, Mutsumi kanishikia sikioni, kinyume na kanuni.

Kampata Kinuyo! Sauti bado kavu, anasema, na ulimi kama sindano. Kamwambia: "Mwambie Shizu nimekuwa maiti miaka arobaini na tisa na mgongo hauumi." Alipoambiwa watu mia mbili watamwombea, akauliza kama chakula kitakuwepo. Anakuja. Anataka kusikia wanasema nini juu yake.

Nikauliza: anataka niseme?

"Nilimuuliza, mwalimu. Akasema usiseme kitu kwa ajili yake. Yeye keshaishi. Ukisema, iwe ni kwa ajili yako."

Afadhali angenitukana.

Jumapili, 26 Februari

Mutsumi kanisuka nywele. Kanivalisha kimono cheusi juu ya nguo ya kulalia, kiunoni sijafungwa, haionekani. Kompyuta ndogo iko juu ya meza ya kulia chakula. Naandika daftari likiwa mapajani.

Saa nane kasoro kumi. Naona ukumbi. Chihaya kaweka simu yake karibu na meza ya mapokezi, iwe kamera yangu. Kunihiro yuko pale na suti nyeusi, anainamia kila mtu. Wanawake watupu, wengi wazee. Mmoja kashika kitabu changu, toleo la kwanza, jalada limebaki nyuzi.

Saa nane kasoro tano. Yule pale.

Mfupi! Kawa mfupi. Nywele nyeupe, zimekatwa kama mvulana. Fimbo. Msichana wa mapokezi anamgeuzia daftari la wageni na kalamu ya brashi: jina, na uhusiano na marehemu.

Kunihiro anainama. Hamjui.

Kinuyo kashika kalamu. Msichana anamwambia, kwa upole, anayo haki ya kuacha wazi kama ni msomaji tu. Kinuyo anasema kitu — sisikii, watu wanaongea. Msichana kaziba mdomo kwa mkono. Anacheka au ameshtuka? Kinuyo anaandika jina, kisha pa uhusiano naona neno moja: "Mwenyewe". Polepole, kwa wino mzito. Anapuliza ukauke. Anaenda kukaa mstari wa pili akiwa na soksi za kijivu tu miguuni.

Kunihiro kasogea kusoma daftari. Anasoma. Bado anasoma. Kainua kichwa, anatazama kamera — ananitazama mimi.

Mutsumi: "Mwalimu, wameanza na wewe. Wanakuona sasa, ukutani, mkubwa kabisa."

Karatasi ya mistari kumi na miwili iko mbele yangu. Mia mbili wamegeuka. Kinuyo hajageuka, kaangalia sanamu ya hekalu, shingo ile ile. Kunihiro anapita katikati ya viti kwa haraka, mkono juu, kuelekea kwa fundi wa mitambo, azime sauti. Chihaya kasimama kumzibia njia.

Mutsumi: "Mwalimu? Sauti iko wazi. Sema."

Naigeuza karatasi ya Kunihiro kifudifudi, naweka kalamu chini.