Jumamosi Watazika Mgomba Badala Yangu

Mpendwa Mshauri Jepchirchir,

Naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka kwa sababu Jumamosi ninazikwa kwetu Sirisia, na ninapokuandikia hivi niko Kitale mzima wa afya, nimetoka tu kunywa chai na mandazi.

Mimi ni influensa, wengi wananijua kwa video za kujipodoa na za kuonja vyakula vya hoteli, na sijisifu nikisema kwamba hapa mjini hata wauza mitumba huniita nisimame nipige picha na nguo zao. Mwaka huu kijana mmoja anayeitwa Farid, ambaye kazi yake ni kupiga video za harusi, alinijia akasema anatengeneza filamu ya kutisha kuhusu sisi influensa, na si filamu ya kawaida bali ni ile aina inayojifanya si filamu, yaani mtazamaji anaambiwa simu imeokotwa msituni, mwenyewe hajulikani aliko, na yote anayoyaona ndiyo yaliyokutwa ndani ya hiyo simu, kwa hivyo picha inatikisika, watu wanahema, taa inazimika na jini haonekani vizuri, jambo ambalo lilitufaa sana kwa sababu jini wetu alikuwa Kimutai wa bodaboda amejifunika turubai la kuanikia mahindi. Filamu inaitwa Chaji Asilimia Moja. Mimi ndiye influensa anayeingia pangoni kule juu ya Kapsokwony kufanya laivu, wenyeji wanamwonya asiingie, naye anaingia kwa sababu wafuasi wamemwomba.

Sasa Mshauri, kosa lilitokea hapa. Farid alisema filamu ya namna hii ukishaandika majina ya waigizaji umeiharibu, kwa hivyo tulichukua kile kipande cha mwisho, ninapopiga nduru na simu inaanguka chini, tukakiweka kwenye ukurasa wangu bila neno lolote, nikazima simu nikajificha kwa rafiki yangu Nasro, fundi wa cherehani karibu na msikiti, tukasubiri watu waulize hii ni filamu gani. Hakuna aliyeuliza. Watu walilia.

Nitakuambia ukweli kwa sababu hunijui: mwanzoni nilifurahi. Wafuasi waliongezeka hata Nasro akaogopa, na yule kijana aliyeniacha akisema mimi ni kelele tu aliandika kwamba nilikuwa malaika, na Lorraine, influensa wa Bungoma ambaye hajawahi hata siku moja kupenda picha yangu, alifanya laivu nzima akinililia na kope zake za bandia hazikubanduka, nikasema huyu naye ni mtu wa kazi. Nilikaa kwa Nasro nikisoma rambirambi zangu kwenye simu yake mpaka akaninyang'anya.

Nilidhani habari haitafika nyumbani kwa sababu mama yangu ana simu ya kubonyeza tu, lakini baba mdogo Nehemiah alionyeshwa ile klipu sokoni, akaripoti polisi, akapanda hadi Kapsokwony, na vijana wa huko wakaacha mashamba yao wakaingia mapangoni kunitafuta, wakatoka na ndara yangu moja ambayo Farid aliiacha pale makusudi ili pango lipendeze. Hiyo ndara ndiyo imenimaliza. Wewe labda hujui desturi za kwetu, mtu akipotea na mwili usionekane, hukatwa mgomba ukazikwa badala yake, na baba mdogo amesema wangu utazikwa Jumamosi pamoja na ile ndara.

Nasro alienda Sirisia kunichungulilia akarudi amenuna. Aliniambia, "Jenty, huko si mchezo bana. Kuna tenti, kuna sufuria, kuna watu wa kwaya. Halafu mamako amekataa." Nikamuuliza amekataa nini. Akasema mama ameketi kwenye shina la mgomba uliochaguliwa, hataki ukatwe, na kila mzee akimsogelea anasema, "Huyo mtoto hajafa. Hiyo ni nduru ya urongo, naijua. Alikuwa analia hivyo hivyo tukienda kuparilia mahindi." Watu wanamwonea huruma, wanasema msiba umempanda kichwani, na baba mdogo anataka apelekwe hospitali kwanza ndipo mazishi yaendelee.

Mshauri, sitaficha, iliniuma, kwa sababu ile nduru niliifanyia mazoezi sana.

Nilipomweleza Farid alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Alisema, "Hiyo ndiyo ending yenyewe. Usituharibie, tulia." Anataka kwenda Sirisia na kamera kama mtu wa kwaya, apige mazishi yangu, na wakati mgomba unashushwa kaburini mimi nitokee mbali kidogo kati ya mahindi nimevaa nguo nyeupe, nisimame tu, nisiseme kitu, ati watu wakikimbia itakuwa picha safi ambayo hata Nairobi hawajawahi kuipata. Nguo ameshampa Nasro ashone na Nasro amekataa.

Nifanye nini? Nisubiri Jumamosi ipite, filamu ikamilike, halafu nijitokeze na video nzuri ya kuomba radhi? Ama niende sasa na nipoteze kila kitu? Na nikijitokeza, hawa wafuasi waliokuja kwa sababu nimekufa watabaki?

Ni mimi,
Marehemu, Kitale.

*

Marehemu,

Jibu hili nimekutumia kwa simu ya Nasro, ile uliyoniandikia nayo, kabla halijachapishwa, kwa sababu gazeti letu hutoka Jumapili na wewe unazikwa Jumamosi. Wasomaji wengine watanisamehe. Wao wana shida za ndoa na zinaweza kungoja.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, hasa pale kwa Kimutai na turubai. Niliposoma mara ya pili kicheko kilikatika. Tuanze na swali lako la wafuasi maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mtu aliyekuja kwa sababu ya matanga hukaa mpaka sufuria ya mwisho ioshwe, kisha anaondoka. Hutamzuia, na ukijaribu kumzuia itabidi ufe tena.

Sasa Farid. Huyu kijana amepiga harusi nyingi akachoka kubembeleza watu watabasamu, na amegundua kwamba matangani watu hulia wenyewe bila kuelekezwa. Sikatai kwamba ana kipaji. Filamu yenu ilitaka kuwacheka watu wanaoonywa wasiingie pangoni na wanaingia kwa sababu wafuasi wamewaomba. Nasro amekuonya. Kijiji kizima kimekuonya bila kujua. Na wewe umeniandikia kuniuliza kama uvae nguo nyeupe. Hebu jitazame, binti yangu. Filamu imeisha zamani na wewe bado umo pangoni.

Halafu, nani aliwadanganya kwamba watu wa Sirisia watakimbia? Siku ya kuchimba kaburi kila mwanamume pale ana jembe au panga mkononi, hajalala, na ana hasira na kilichomuua mtoto wao. Ukitokea kwenye mahindi umesimama kimya hawatakuuliza jina. Hiyo picha safi ya Farid, wewe hutakuwepo kuitazama.

Mimi ni mtu wa milimani, na mambo ya mgomba sikuyajua vizuri, kwa hivyo nilimwendea jirani yangu aliyeolewa hapa kutoka Bungoma. Alikuwa anapukusa maharagwe. Nilipomweleza aliacha. Akaniambia, "Mgomba ukishafunikwa na mchanga, hiyo ni kifo. Si mambo ya simu. Hata akirudi, si yeye amerudi." Alisema kuna nyumba ambazo zimemrudisha mtu wao kwa taratibu ndefu za wazee, na kuna nyumba ambazo hazikuwahi kula naye tena, na kwamba mtoto wa kike atakayezaliwa katika ukoo wenu baada ya hapo atapewa jina lako, kwa kuwa litakuwa halina mwenyewe. Fikiria jina lako likiitwa kisha anageuka mtoto mchanga.

Lakini hata hayo si makubwa kuliko hili. Watu wote hao walioitazama klipu yako waliamini. Lorraine aliamini, au alijifanya. Wazee, kwaya na polisi wameamini. Ni mtu mmoja tu duniani aliyesikia nduru yako akajua ni uongo, na huyo ndiye anayeitwa mwendawazimu. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wako anajua hata uchungu wako wa kuigiza. Ameketi kwenye shina la mgomba peke yake akibishana na ukoo mzima kwamba wewe u hai, na wewe umekaa Kitale umenuna kwa sababu hakusifu uigizaji wako. Hapo nimekasirika na sitaomba radhi.

Sikiliza basi. Usipige simu nyumbani. Mmeshawaonyesha watu wote kwamba kilicho ndani ya simu hakiaminiki, na simu ya mamako huenda sasa anaishika baba mdogo. Enda mwenyewe, leo, na usimwambie Farid mpaka umefika. Kabla hujatoka mjini washa simu yako, jirekodi uso mkavu bila poda na bila muziki, useme ile ilikuwa filamu, u mzima, na uliwadanganya watu. Usilie. Ukishaituma hiyo video usisome majibu. Pitia kituo cha polisi waandike kwamba umepatikana, na uwaombe wapige simu kwa chifu wa kwenu, maana chifu akisema jambo baba mdogo atanyamaza.

Mwambie Nasro aende nawe. Yeye ndiye rafiki wa pekee uliye naye katika habari hii yote, na wewe unamtumia kama mwenye nyumba tu. Mkifika Sirisia, usiingie bomani. Kaa barabarani, Nasro aingie akamtafute shangazi yako, dada ya baba yako, na huyo ndiye awaambie wazee kwamba mtu waliyemlilia yuko nje. Wataamua uingie vipi, upitie wapi, kichinjwe nini. Wakisema usubiri mvuani, subiri mvuani. Siku nyingine, hasira zikishatulia, panda Kapsokwony ukawape mkono wale vijana waliotambaa mapangoni wakikuita jina, na ndara uichukue wewe mwenyewe.

Filamu imalizeni kama mnataka, lakini majina yaandikwe mwanzoni, likiwemo la Kimutai. Mtazamaji anayejua ni turubai na bado anaruka kitini, huyo ndiye mmemtisha kwa haki.

Jambo la mwisho. Huenda wazee wakatoka wakakutazama wasiamini, wakasema ni kivuli, ni mzimu, ni mambo ya mitandao, na baba mdogo akawa wa kwanza kurudi nyuma. Usiwapigie kelele na usijieleze sana. Mwite tu mama yako, kwa sauti ile uliyokuwa ukimwita ukitoka shule na njaa. Ataacha ule mgomba aje.