Joka la Koku Halitujui

Gongo la Mboto,
4 Mei 2025

Shikamoo shemeji,

"Aliyegeuka joka, akili nayo imegeuka, kwa hiyo Mwajabu sasa ni adui." Uliandika hayo kwenye kundi la wachezaji, na nilipobisha ukanitoa kundini. Basi utasoma karatasi. Karatasi haina kitufe cha kunitoa.

Habari za Chanika? Binti yenu Hope hajambo? Dada Koku anakula? Sie huku wazima.

Sasa nikujibu: huo ni upotoshaji. Kitabu cha kanuni za mchezo wetu wa mezani, wa dadu na kuigiza wahusika, kina uganga wa kugeuza maumbo wa aina mbili. Ule wa kumgeuza mwenzio hubadili mwili na akili pia. Ukimfanya chura, anawaza kichura. Ule mkubwa, wa mtu kujigeuza mwenyewe, hubadili mwili tu. Kumbukumbu zinabaki. Watu wake anawajua. Koku alitumia upi? Mkubwa! Wachezaji wote, Alfonsi, Vaileth, Hope na mie, tulikuwepo barazani kwako. Mwajabu, yule mganga ambaye Koku humwigiza mchezoni, aligeuka joka azuie jeshi darajani ili sie tuvuke. Wiki ile ile kiharusi kikampiga dada yangu, mchezo ukasimama hapo hapo. Leo wewe, mwendesha mchezo na tena mumewe, unataka kulichukua joka lake utushambulie nalo? Kwa kanuni ipi? Mwajabu anatujua. Soma tena!

Shemeji yako,
Audax

Chanika,
11 Mei 2025

Shemeji Audax,

Marahaba. Barua yako Vaileth kanifikishia. Hope hajambo. Mama yake anakula akilishwa.

Kanuni naijua, nani alikufundisha? Ila Jumamosi nilimkalisha dada yako mezani kama zamani, nikampa dadu arushe. Akaitia mdomoni. Alfonsi akacheka kwa woga tu, maskini, dada yako akamrushia kikombe. Hope akamshika mama yake mkono. Naye akamuuliza, "We mtoto wa nani?" Tangu hapo Hope hataki kuiona ile meza.

Mwajabu anayetujua nimeshindwa kumchezesha, shemeji. Sauti hiyo sina. Ya adui ninayo.

Nawe tangu dada yako atoke hospitali mwezi wa tatu hujakanyaga hapa. Unabishana na kitabu kwa sababu kitabu hakikuangalii usoni. Njoo umlishe uji, ndipo tujadili kanuni.

Shemeji yako,
Benson

Gongo la Mboto,
15 Juni 2025

Shikamoo shemeji,

Habari za tangu juzi? Shingo ya Koku imepungua maumivu? Barua hii naomba uwasomee wote.

Juzi nilipokuja kwenu mliniona nikiondoka bila kuaga. Nilimkuta Koku uani, kwenye mkeka. Kabla sijafungua mdomo akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo baba."

Dada yangu huyo! Aliyenibeba mgongoni kule Bukoba, ambaye tangu nijue kusema mie ndiye ninayemwamkia. Nikachuchumaa mbele yake. Akarudia. Akaanza kuniogopa, kama mtoto anayedhani kakosea adabu. Nikaitika, "Marahaba." Mdomo huu unaobishana na kila mtu ulimwitikia dada yangu marahaba. Akatulia, nami nikamlisha uji mpaka bakuli likaisha.

Shemeji, kwenye kanuni nilikuwa sahihi, na usahihi wangu haukunifaa kitu pale mkekani. Nimekubali: joka halitujui. Lakini hapo hapo nakupinga tena. Kitabu hakisemi popote kwamba asiyekutambua ni adui yako. Hilo umelitunga wewe kwa uchungu, na mie nalikataa, hata unitoe kwenye makundi yote ya Dar.

Kwa hiyo nawadai nyie wanne. Benson, Jumamosi tuletee joka, na lisitujue. Usilipatie sauti ya adui. Kama huna nyingine, linyamaze. Alfonsi, Vaileth, wekeni silaha chini, na asiyeweza asije. Hope, mwanangu, rudi mezani, nitakaa kiti cha pembeni yako. Joka likiuliza sie ni nani, tulitajie majina yetu. Likisahau, tuyataje tena.

Shemeji na mjomba wenu,
Audax